UZI: Daraja la reli linalopanda na kushuka lipo hapa Mwanza, na tunalipita kila siku

Kapi la Ziwa

Habari za jioni wakuu.

Juzi nilikuwa na kijana wangu wa kidato cha pili pale Igogo, tunangoja daladala ya Buhongwa. Akanionyesha video kwenye simu. Treni imesimama, mbele yake kipande kizima cha daraja, reli na mataruma yake, kinapanda juu kama lifti. Meli ikapita chini, kipande kikashuka, treni ikaondoka. Akaniuliza, "Baba, na sisi tunalo kama hili?"

Nikamwambia tunalo, tena umeligeuzia mgongo.

Akadhani namtania. Nilipofika nyumbani nikawauliza watu wazima watatu, wenyeji wa Mwanza kabisa, hakuna aliyelijua. Ndiyo maana nimefungua uzi. Ni mrefu, tuvumiliane.

Nianze na lile la kwenye video, kwa sababu ukilielewa lile, hili letu litakuja lenyewe.

Reli na mto wenye meli hawajawahi kupatana. Treni haipendi mlima. Gari unaweza kulijengea daraja refu likapanda taratibu mpaka juu, lakini treni ya mizigo ukiipa mwinuko mkali inashindwa, maana ni gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma, linateleza. Kwa hiyo daraja la reli linataka kukaa chini, karibu usawa wa kingo za mto. Meli nayo ina mlingoti na bomba la moshi. Lazima mmoja ampishe mwenzake.

Zamani walitumia sana daraja la kuzunguka. Kipande cha kati kinakaa juu ya nguzo iliyo mtoni, meli ikija kinageuka mpaka kinakuwa sambamba na mto. Linafanya kazi, ila ile nguzo inakaa katikati kabisa ya njia ya meli, na meli zilivyozidi kunenepa nguzo ikawa kero.

Mwaka 1894 mhandisi mmoja mzaliwa wa Kanada, J.A.L. Waddell, akajenga Chicago, mtaa wa South Halsted, daraja kubwa la kwanza la aina ya kupanda wima. Minara miwili, mmoja kila upande, na kipande cha kati kinapanda katikati yao kikiwa kimelala vilevile. Lile lilikuwa la barabara, lakini watu wa reli wakaiona dawa yao.

Siri yake ni uzito. Fikiria kisima chenye kapi. Ndoo imejaa maji upande huu, upande wa pili wa kamba umefunga jiwe lenye uzito uleule wa ndoo. Hapo mtoto mdogo anaivuta ndoo kwa mkono mmoja. Daraja la kupanda ni hivyohivyo: nyaya za chuma zinatoka kwenye kipande cha daraja, zinapita juu ya makapi makubwa kileleni mwa mnara, zinashuka upande wa pili zikiwa zimebeba tofali kubwa la zege. Daraja likipanda, zege linashuka. Mota inapambana na msuguano na upepo tu. Ndiyo maana chuma cha mamia ya tani kinanyanyuka kwa dakika chache.

Lile ninalolipenda kuliko yote liko Portland, jimbo la Oregon, juu ya mto Willamette. Linaitwa Steel Bridge. Lilifunguliwa 1912 likachukua nafasi ya daraja la kuzunguka la 1888, na lilisanifiwa na Waddell huyohuyo na mwenzake Harrington. Lina sakafu mbili: chini treni, juu magari na tramu. Sasa sikilizeni hapa. Sakafu ya chini inaweza kupanda PEKE YAKE. Vyuma vinavyoishikilia vinaingia ndani ya fremu ya juu kama antena ya redio inavyokunjwa, na magari ya juu yanaendelea kupita kama hakuna kitu. Likiwa limeshuka lote, nafasi ya kupita chini yake ni kama mita 8. Sakafu ya chini ikikunjwa unapata kama mita 22. Ikija meli ndefu kweli, sakafu zote mbili zinapanda na nafasi inafika karibu mita 50. Lina zaidi ya miaka 110 na treni bado zinapita.

Kwa urefu wa kipande kinachopanda, anayeongoza ni daraja la reli la Arthur Kill, kati ya Staten Island na New Jersey, la mwaka 1959. Kipande kile kina mita 170. Weka viwanja viwili vya mpira kwa upana wake, kimoja baada ya kingine, bado kipande kinabaki.

Nitarudi na la kwetu baada ya chakula.

Msomaji wa Usiku

Mkuu umenishika. Swali moja kabla hujaendelea. Treni ikija wakati kipande kiko juu inakuwaje? Dereva wa treni hawezi kufunga breki ghafla kama bodaboda.

Kapi la Ziwa

Swali zito, na jibu lake lina msiba.

Madaraja haya yanafungwa pamoja na taa za reli. Ili daraja lifunguliwe, lazima kwanza taa za treni ziwe nyekundu pande zote mbili. Ili taa ziwe kijani, lazima daraja liwe limekaa chini, reli zimekutana na makomeo yameingia. Kimoja kinamfunga mwenzake.

Lakini tarehe 15 Septemba 1958, kwenye daraja la Newark Bay huko New Jersey, kipande kilikuwa kimenyanyuliwa kupisha meli. Treni ya abiria wanaoenda kazini asubuhi ikapita taa zilizoikataza na kutumbukia majini. Walikufa watu 48. Kwa hiyo hata mfumo ukiwa mzuri, mwisho wa yote kuna mtu kwenye usukani ambaye lazima aione taa na aitii.

BintiBukoba

Mungu awarehemu.

Haya tuletee la Mwanza. Mimi nimeshuka meli Mwanza mara nyingi tangu utotoni, sijawahi kuona minara wala daraja la kupanda. Au unasema lile la Kigongo–Busisi?

Kapi la Ziwa

Dada yangu, ulikuwa unashukia Bandari ya Kaskazini, pale mjini kwenye meli za abiria. Hili liko Bandari ya Kusini, kwenye meli ya mabehewa.

La Kigongo–Busisi ni jambo jingine, tena tuliheshimu. Lina kilomita 3, lilifunguliwa Juni 2025, na wote tunakumbuka foleni za kivuko pale. Lakini lile ni la magari na limesimama palepale. Sehemu ya katikati imeinuliwa vyombo vipite chini. Gari linaweza kupanda ule mwinuko, ndiyo maana halikuhitaji kunyanyuka.

Sasa twende Kusini.

Reli ya kutoka Mombasa ilifika Kisumu 1901. Ya kwetu kutoka Tabora ilifika Mwanza 1928. Hapo una reli mbili zinazotazamana ng'ambo na ng'ambo, katikati ziwa la kilomita za mraba zaidi ya elfu 68. Nani atajenga daraja hapo? Kwa miaka mingi jibu lilikuwa mabega ya makuli: gunia linashuka kwenye behewa, linapanda melini, linashuka melini, linapanda behewa jingine.

Katikati ya miaka ya 1960, Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki likaleta meli mbili pacha, MV Umoja na MV Uhuru. Zilijengwa Glasgow, Scotland, kwenye kiwanda cha meli cha Yarrow, zikaja vipandevipande, zikaunganishwa Kisumu. Sakafu zake zina reli. Behewa halipakuliwi, linaingia melini na magurudumu yake, linasafiri, linatokea upande wa pili na kuendelea na safari kwa kichwa kingine cha treni. Iliwezekana kwa sababu Kenya, Uganda na Tanganyika zote zilikuwa na reli ya upana uleule, mita moja.

Lakini behewa linaingiaje melini? Gati haliendi popote, meli haitulii. Ndipo linapokuja daraja letu.

Ni daraja la chuma lenye reli juu yake. Upande wa nchi kavu limefungwa kwa bawaba, kama mlango uliolazwa. Upande wa maji ncha yake inanyanyuliwa na kushushwa. Meli inakuja kinyumenyume, mkia wake unaingia gatini, ncha ya daraja inashushwa mpaka inakaa juu ya meli, reli kwa reli. Hapo ndipo behewa la kwanza linasukumwa.

Lile la Portland linapanda ili meli ipite chini yake. La kwetu linapanda na kushuka ili meli na reli ziwe kitu kimoja kwa saa chache.

Mkuyuni Asilia

Mkuu heshima kwako, ila hapa nakupinga. Daraja ni kitu cha kuvuka maji. Hicho ni ngazi ya kupandia meli. Ukiita kila ngazi daraja tutafika wapi?

Kapi la Ziwa

Nakuelewa kaka. Ila jiulize: lina bimu za chuma, lina reli, linabeba behewa lenye mzigo juu ya maji kutoka ukingo mmoja kwenda kwenye kitu kingine, na linanyanyuka kwa mashine. Kama ukingo wa pili unaelea, hilo limepunguza udaraja wake au limeongeza ugumu wa kazi yake? Mimi naona limeongeza.

Shanta wa Zamani

Vijana, mimi huwa nasoma tu humu, leo nimelazimika kuandika.

Nilifanya kazi ya shantingi, yaani kupanga na kusogeza mabehewa, Mwanza Kusini miaka ya 80. Huyu Kapi la Ziwa amesema kweli, ila ameruka mambo ambayo yalitutoa jasho.

La kwanza, kichwa cha treni hakipandi lile daraja ovyo. Kichwa ni kizito sana. Tuliweka katikati mabehewa matupu ya bapa, kichwa kinabaki nchi kavu, yale matupu ndiyo yanayofika melini kusukuma au kuvuta yenye mzigo.

La pili, huwezi kujaza upande mmoja wa meli halafu uende upande wa pili. Meli italala. Unaingiza machache kushoto, unarudi, unaingiza machache kulia, unarudi. Wenye meli nao wanahamisha maji kwenye matangi ya chini kusawazisha. Pakia pakua ya namna hiyo inataka watu wanaoelewana kwa ishara ya mkono na filimbi, kwa sababu ukimwita mtu kwa mdomo hakusikii.

La tatu ndilo lililokuwa linanifurahisha mpaka leo. Behewa zito likikanyaga meli, mkia wa meli unazama kidogo na ncha ya daraja inashuka nao. Behewa likitoka, meli inapumua na daraja linapanda. Ukisimama pembeni unaliona kwa macho, kama kifua cha mtu aliyelala.

BintiBukoba

Shikamoo mzee wangu. Endelea kutuandikia, tafadhali.

Shanta wa Zamani

Marahaba mwanangu. Nitaendelea, vidole ndivyo vizito.

Kapi la Ziwa

Shikamoo mzee. Leo uzi umepata mwenyewe.

Naomba niongezee jambo moja ambalo kwangu ndilo kiini cha habari hii. Mtu anaweza kusema: ziwa si bahari, halina kujaa na kupwa, kwa nini daraja linyanyuke? Mngejenga gati kwa urefu wa meli basi.

Ziwa letu lina kujaa na kupwa kwake, ila linahesabu kwa miaka. Mvua za mwishoni mwa 1961 zilikuwa kubwa mno, na kufikia 1964 ziwa lilikuwa limepanda zaidi ya mita 2. Mita mbili za maji kwenye ziwa la ukubwa huu! Wazee wa mwambao wanazikumbuka mvua zile, watu walihama. Meli hizi zilikuja muda mfupi tu baada ya hapo. Halafu maji yakaanza kushuka taratibu, mpaka 2006 yakawa chini kuliko wakati wowote kwa miaka zaidi ya 80. Waliokuwa na boti watakumbuka magati yaliyobaki yananing'inia na mawe yaliyochomoza ambayo hakuna aliyewahi kuyaona. Kisha Mei 2020 yakapanda tena mpaka usawa wa 1964, na 2024 yakaupita. Nyumba na mialo vikaingia maji.

Kutoka kile kina cha 2006 hadi cha 2020 ni zaidi ya mita 2 na nusu. Gati lililokaa palepale lingekuwa juu sana mwaka huu, na chini ya maji mwaka ule. Daraja lenye bawaba linamfuata ziwa anakokwenda. Na halifuati bila mpaka, kwa sababu likiinama sana mteremko unakuwa mkali na tunarudi kwenye lile tatizo la gurudumu la chuma kuteleza.

Msomaji wa Usiku

Sasa nimeelewa kwa nini hukukubali liitwe ngazi.

Meli zenyewe zinafanya kazi bado?

BintiBukoba

Naomba nijibu kidogo kwa upande wa juu, nina ndugu Kampala. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika 1977 wakagawana: Uhuru ikabaki Kenya, Umoja ikawa ya Tanzania. Uganda wakabaki hawana, ndipo miaka ya 80 wakaleta zao tatu: Kabalega, Pamba na Kaawa. Mei 2005 Kabalega na Kaawa ziligongana ziwani na Kabalega ikazama. Njia ya Mwanza kwenda Port Bell, bandari ya Kampala, ikalala miaka mingi. 2018 ikafufuliwa, Umoja ikaanza tena kupeleka mabehewa Port Bell. Uhuru nayo Wakenya waliirudisha majini 2019.

Mkuyuni Asilia

Haya, nimekubali ni daraja. Nina hoja nyingine. Reli ya kisasa ya Isaka–Mwanza inakuja, kilomita 341. Upana wake ni milimita 1,435. Reli ya meli ni milimita 1,000. Behewa la kisasa haliwezi kukanyaga lile daraja. Si ndiyo mwisho wake?

Kapi la Ziwa

Hoja hii imeninyima usingizi kweli. Umesema sahihi, behewa la upana ule haliingii. Njia zilizopo ni chache. Kontena zihamishwe kwa kreni kutoka reli mpya kwenda kwenye mabehewa ya zamani au moja kwa moja melini. Au reli ya zamani ihifadhiwe ifanye kazi ya meli. Au siku moja zijengwe meli na madaraja ya upana mpya pande zote, na hilo linataka nchi tatu zikae meza moja kama miaka ile ya 1960.

Mimi naombea hili la pili liendelee wakati la tatu likipangwa. Mnyororo huu una vipande vitatu: reli, daraja, meli. Tunaisifu meli ikikarabatiwa, tunaisifu reli ikitandikwa upya. Daraja la gatini halina jina, halina sherehe, na likikwama siku moja, meli iliyokarabatiwa kwa mabilioni itasimama inaangalia mabehewa mita kumi mbele yake. Liandikwe kwenye bajeti kwa jina lake. Lipakwe rangi, lipigwe grisi, bawaba zikaguliwe. Na watoto wa shule za Igogo na Mkuyuni wapelekwe kuliona, kwa utaratibu wa bandari, maana wanakaa nalo jirani.

Msomaji wa Usiku

Naunga mkono. Mzee Shanta, kama bado upo: usiku mlijuaje kwamba reli zimekutana sawasawa? Maana taa za miaka ile...

Shanta wa Zamani

Nipo mwanangu.

Taa zilikuwepo, lakini taa inaonyesha chuma kimekaa, haionyeshi kimekaa vipi. Tulikuwa tunasikiliza. Mmoja wetu, na mara nyingi nilikuwa mimi, anachuchumaa pale ncha ya daraja inapokutana na meli, mkono umeshika chuma. Behewa la kwanza linaletwa polepole sana, mwendo wa mtu anayetembea na mtoto. Gurudumu likivuka kiungo likatoa sauti nyepesi, tak, halafu la pili tak, unainua taa ya kijani wanaendelea. Likigonga kwa sauti nzito na mkono ukatetemeka mpaka kwenye kiwiko, kuna upande umekaa juu. Hapo unapuliza filimbi na kila mtu anasimama alipo. Tunanyanyua daraja, nahodha anasogeza meli kidogo, tunashusha tena.

Usiku mmoja wa upepo tulinyanyua na kushusha mara saba. Mara ya nane likasema tak.